Msikate pindo la gauni la mama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi cherehani hapa Walukuba, Jinja, mama wa miaka sitini na kidogo. Barua hii nimeichelewesha wiki tatu, kwa sababu kila nikishika kalamu hasira zilikuwa zinanizidi. Sasa zimepoa kiasi, naweza kuandika.

Chanzo ni gauni. Shule moja ya huku kwetu, jina lake naliacha, ilikuja kuniazima nguo za mchezo wa kuigiza. Watu wa hapa wanajua kwamba nakusanya nguo za miaka ya 50 na 60, nazirekebisha, na wakati mwingine nashona mpya kwa mishono ileile. Mchezo wao ulihusu siku za uhuru. Nikawapa magauni mawili ya kwangu, kofia, suruali ya marehemu baba, na juu yake gauni la marehemu mama, lile alilovaa kwenye dansi ya uhuru, Oktoba 1962. Hili la mwisho sijawahi kumwazima mtu. Niliwapa kwa sababu watoto walikuwa wanaigiza usiku uleule ambao gauni lenyewe liliuona. Niliwaambia kwa mdomo wangu: pasi iwe ya moto mdogo, na mshono wowote msiuguse. Wakaitikia.

Lilirudi ndani ya mfuko wa plastiki, limekunjwa vizuri, na chini limekatwa. Inchi tisa zimekwenda. Nilipouliza, mwalimu akanijibu kwa upole kabisa, hana hata habari ya alichofanya: "Shikamoo mama, lakini miaka ya sitini si ndiyo ilikuwa ya mini?"

Nimelifikiria sana swali lake. Yule kijana hana ubaya. Kasoma, anapenda kazi yake, na wanafunzi wanampenda. Ila yeye, kama watu wengi wa rika lake, anaiona zamani kama chumba kimoja ambacho babu na bibi zetu wote walikaa siku moja. Mwaka 1962 hapakuwa na mini Jinja. Hata London kwenyewe, mini ilikuja kushika katikati ya miaka ya 60, kina Mary Quant walipoanza kuiuza madukani, ndipo ikasafiri hadi kwetu. Usiku ule bendera ya Uganda ilipopandishwa Kololo, gauni la mwanamke aliyejipamba lilishuka chini ya goti, kiuno kimebanwa, na sketi ina marinda.

Gauni la mama lilikuwa la pamba, rangi ya maziwa, lenye maua madogo ya buluu. Yeye alikuwa akisema kitambaa ni cha hapahapa, cha Nytil, kile kiwanda cha nguo kilichojengwa Jinja miaka ya 50 baada ya umeme wa bwawa la Owen Falls kuwa karibu. (Bwawa hilo Malkia Elizabeth alilifungua Aprili 1954. Mama alikuwa msichana wa miaka 16, na alisimama barabarani tangu alfajiri. Alichokikumbuka ni glavu za Malkia, nyeupe, katika lile jua.) Zipu ilikuwa ya chuma, na ilikuwa ubavuni, upande wa kushoto, chini ya kwapa. Vijana wakiiona huko hushangaa, lakini ndivyo ilivyokuwa: mgongo uliachwa safi, haukatwi na kitu. Mikono mifupi, kola ndogo ya duara. Na pindo la chini lilikuwa refu, limeshonwa kwa mkono kwa uzi mmoja, sindano inachota nyuzi mbili tu za kitambaa kiasi kwamba kwa nje huoni kitu.

Pindo hilo ndilo lililonifanya niandike.

Fundi wa zamani hakukata kitambaa mpaka mwisho. Alikunja ndani inchi tatu, nne, akijua mtoto atarefuka, mama atanenepa, mtindo utageuka. Na sketi ya mama ilikuwa ya marinda ya vipande vilivyonyooka, haikuwa ya duara, kwa hiyo iliweza kupandishwa na kushushwa bila kuharibika umbo. Karibu mwaka 1968 mama, akiwa mwanamke wa mjini na mtoto mmoja mkononi ambaye ni mimi, alilipandisha. Hakulikata. Alikunja ndani tena, gauni likaishia juu ya goti, akalivaa hivyo miaka minne. Kisha mwaka 1972 ikatoka amri ya Amin ya kupiga marufuku mini. Nilikuwa na miaka minane, na nakumbuka jioni ile kwa sababu taa ilikuwa ya mafuta na mama alinipa kazi ya kukusanya nyuzi. Alifumua mkunjo wa 1968 kwa wembe, taratibu, akalishusha gauni hadi lilipokuwa mwanzo, akalipiga pasi kwa kitambaa kibichi. Lakini mkunjo uliokaa miaka minne hautoki. Ulibaki mstari, mweupe kidogo kuliko kitambaa, umezunguka sketi yote kama alama ya maji ukutani baada ya mafuriko.

Ukilishika gauni lile na kuliinua kwenye mwanga ulikuwa unaona mistari miwili. Mmoja ni wa 1962, mmoja wa 1968, na kufumuliwa kwake ni 1972. Mimi nimesoma vitabu vya historia ya nchi hii, vingine ni vizuri, lakini hakuna kilichonionyesha jambo kama nilivyolishika kwa vidole katika pindo lile. Sasa liko kwenye pipa la taka la shule, au lilishachomwa.

Nilitaka kuishia hapa, lakini wiki iliyopita nikasoma humu barua ya msomaji wa Mbale anayesema sisi tunaopenda magauni ya marinda na suruali za kiuno cha juu tunalilia ukoloni. Ndugu yangu wa Mbale, nakujibu kwa heshima. Mimi silii ukoloni. Baba alikuwa karani wa reli, na nyumba za karani Mwafrika zilikuwa vyumba viwili, wakati kule kando ya ziwa kulikuwa na bustani ambazo hatukuruhusiwa hata kukata njia. Hizo sizitamani. Ninachokitamani ni kazi ya mikono, na mikono hiyo ilikuwa ya kwetu na ya majirani zetu.

Tuchukue huo mtindo wenyewe. Tarehe 12 Februari 1947, Christian Dior alionyesha nguo zake za kwanza huko Paris: kiuno chembamba, nyonga zimeumuka, sketi pana inakula mita kumi na zaidi za kitambaa. Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu. Uingereza nguo zilikuwa bado zinanunuliwa kwa kuponi, na ziliendelea hivyo hadi 1949, kwa hiyo wengine walimpenda na wengine walimtukana kwa ubadhirifu. Umbo lile lilienea duniani kote na likafika hadi Jinja kwa magazeti ya picha na kwa sinema. Lakini lilipofika lilikuta nini? Lilikuta jua, poplini, na mshahara wa karani. Fundi wetu akaondoa bitana, maana nani atavaa nguo mbili kwenye joto hili. Akaondoa mapetikoti, akabakiza shimizi moja. Zile mita kumi akazifanya yadi nne, akapanga marinda kwa ujanja ili sketi ionekane imejaa. Kilichotoka hapo ni vazi la Jinja. Ukiliita uigaji, basi na gomesi, lile vazi la heshima la wanawake wa Buganda, tuiite uigaji, kwani nayo tunaambiwa ilitoka mikononi mwa fundi wa Kigoa wa Kampala, Gomes, aliyewashonea wasichana wa shule ya Gayaza mwanzoni mwa karne iliyopita. Jina la fundi likawa jina la vazi. Leo nenda kwenye kwanjula yoyote Buganda, ile sherehe ya kutambulishana kabla ya ndoa, bila gomesi uone utakavyotazamwa.

Na fundi aliyemshonea mama namkumbuka. Alikuwa Mhindi wa barazani, Main Street, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Watoto tulimwita Mwalimu Chaki, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vyeupe siku zote. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, na mama, ambaye ni Mnubi wa Bombo na Kiswahili kwake ni cha nyumbani, alimcheka mbele ya uso wake na yeye akamcheka mama. Agosti 1972 Waasia wakapewa na Amin siku 90 za kuondoka nchini. Sitasimulia yale yote, yameshasimuliwa na waliofukuzwa wenyewe. Nitasema tu kwamba mwezi Oktoba alikuja nyumbani kwetu usiku na mkokoteni, ana Singer yake nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, na robota la karatasi lililofungwa kwa kamba. Cherehani alimuuzia mama kwa bei ya kuku. Karatasi hakutaka pesa. Alisema, "Hizi ni za kwenu."

Cherehani hiyo ndiyo ninayoshonea hadi leo. Namba yake inaanza na herufi E, maana yake ilitengenezwa Clydebank, Scotland, na haijawahi kunidai kitu zaidi ya mafuta na mkanda wa ngozi. Robota mama aliliweka juu ya kabati. Halikufunguliwa kwa miaka zaidi ya ishirini.

Nililifungua mimi mama alipofariki. Ndani mlikuwa na karatasi za kaki zilizokatwa kwa vipimo: vipande vya mbele, vya nyuma, mikono, kola, kila mteja na fungu lake limebanwa kwa pini iliyoshika kutu. Juu ya kila fungu pana maandishi ya Kigujarati, hata tarakimu ni za Kigujarati. Mfanyabiashara mmoja aliyerudi Jinja miaka ya 90 ndiye aliyekaa nami siku mbili akanisomea. Mteja hakuandikwa kwa jina lake. Fundi aliandika alivyomwona. "Sista wa hospitali, anapenda mfuko." "Mke wa Karani wa Reli." "Mama wa samaki, analipa Jumamosi." "Mwalimu Mrefu." Yapo mafungu 41.

La mke wa karani wa reli lilikuwa la mama. Kiuno inchi 26. Na bega la kushoto la karatasi liko chini kuliko la kulia, kwa robo ya inchi. Nilidhani mkasi uliteleza, nikapima tena, nikakuta na kipande cha nyuma kiko hivyohivyo. Mama alikuwa na bega moja chini, mimi mwanawe nimelala juu ya bega hilo na sikuwahi kulijua. Fundi alilijua. Alikata gauni kumfuata, ndiyo maana alipolivaa lilimkaa sawa na hakuna aliyeona kitu. Ndugu yangu wa Mbale, Paris gani ilikuwa na habari za bega la mama yangu?

Naomba niseme na vijana pia, kwa sababu wapo wanaonifuata sasa, na wanaongezeka. Jumamosi wanakuja watatu, wanne, na simu zao zina picha za Franco na wenzake wa OK Jazz, bendi iliyoundwa mwaka 1956 huko Léopoldville, Kinshasa ya leo, wamevaa koti jeupe na tai nyembamba. Wanataka suruali kama zile. Nawapenda kwa hilo. Ila nawaambia wasivae picha, wavae mwendo. Rumba inachezwa wawili mmeshikana, mwili unazunguka polepole, ndiyo maana sketi ilikuwa na marinda: inachelewa kidogo nyuma ya mwili halafu inaufikia. Cha-cha-cha inataka mguu uwe huru kuanzia goti. Twisti ilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 60 watu wakaachana mikono, kila mtu peke yake, nyonga tu ndizo zinafanya kazi, na sketi nyembamba iliyonyooka ikapata nafasi yake. Suruali pana ya miaka ya 50, yenye mapindo chini, nayo ikawa nyembamba kama bomba. Bugaluu, suruali iliyopanuka chini, na raizoni, viatu vya soli nene, ni za baadaye kabisa, za miaka ya 70, na anayekuja na bugaluu kwenye sherehe ya uhuru wa 1962 namrudisha nyumbani.

Mengi tunayapata kwenye mitumba. Najua mjadala wa mitumba, najua Rais alitangaza mwaka 2023 kwamba itapigwa marufuku, na kama mshonaji naelewa hoja ya viwanda vyetu. Lakini mimi siwezi kusema uongo: belo likifunguliwa sokoni, nipo. Kati ya blauzi elfu za nailoni pana siku unakutana na gauni lenye zipu ya chuma ubavuni na moyo unaruka. Nawafundisha vijana kusoma lebo kabla ya kusoma rangi. Mwaka jana tulipata gauni la Marekani la sufu nyepesi, kijani, lina kilebo kidogo cha ILGWU, chama cha wafanyakazi wanaoshona nguo za wanawake, na pembeni yake herufi AFL-CIO. Mashirikisho hayo mawili ya wafanyakazi yaliungana mwaka 1955, kwa hiyo gauni si la kabla ya hapo. Kilebo kile kilibadilishwa mwaka 1974 kikawa na rangi nyekundu, nyeupe na buluu, na hiki chetu hakina rangi hizo. Na halina lebo ya maelezo ya kufua, ambayo Marekani walianza kuilazimisha mwaka 1972. Basi lilishonwa kati ya hapo na hapo, na lilishonwa na mtu aliyekuwa na chama. Binti aliyelipata alikaa kimya muda mrefu akikisugua kile kilebo kwa kidole gumba. Huyo atakuwa fundi.

Lakini zaidi ya mitumba, hazina iko chini ya vitanda vyetu. Kila nyumba ya zamani hapa Walukuba, kule Nsambya kwa watu wa reli, Bombo, Mbale, Tororo, pana sanduku la bati. Ndani ya kifuniko cha sanduku la mama palibandikwa picha iliyokatwa gazetini ya Binti Mfalme Elizabeth wa Toro, aliyekuwa mwanasheria kamili kabla ya kupanda jukwaa la mavazi London mwaka 1967. Mama aliibandika kwa uji wa muhogo na bado imeshika. Sanduku hilo mkilifungua msiogope harufu. Zitoeni nguo kivulini, msianike juani, msizifue kwa mashine, na kama mnataka kuzipunguza, kunjeni ndani. Mkasi hauna kurudi nyuma.

Kwa ile shule: mwalimu alirudi baadaye na mkuu wake, wakaniomba radhi, wakaleta na pesa. Radhi nimepokea, pesa nimerudisha. Badala yake nimeomba wanafunzi wa darasa la ushonaji waje kwangu kila Alhamisi baada ya masomo, na wamekuja mara mbili. Tumeanza na pindo la mkono. Wiki ya kwanza walitoboa vidole. Tumechukua fungu la mke wa karani wa reli, tumelinakili kwenye karatasi mpya pamoja na lile bega lake la robo inchi, na tunatafuta poplini yenye maua madogo ya buluu. Sketi itaachiwa inchi tisa za kukunja.

Na mwisho, Mhariri, sababu nyingine ya kukuandikia. Yale mafungu 41 ni ya watu. Wateja wengine nimewapata: Mama wa samaki alikuwa bibi wa jirani yangu, na mjukuu alilia alipoona kiuno cha bibi yake. Sista wa hospitali naye tumemjua, anaishi Iganga, amezeeka, na bado anapenda mfuko. Wengine sijawapata. Kama bibi yako au mama yako alishonewa nguo Main Street, Jinja, kabla ya 1972, njoo Walukuba uulize cherehani ya Mama Mnubi, watakuonyesha. Hasa namtafuta yule aliyeandikwa Mwalimu Mrefu. Karatasi yake ya sketi ina urefu wa inchi 38 kutoka kiunoni, haijawahi kutobolewa na pini, na tarehe iliyoandikwa juu yake ni ya Oktoba 1972. Nadhani gauni lake halikushonwa. Akiwa hai, au akiwa na binti mrefu, nitalishona mimi.

Fundi wa Walukuba,
Jinja, Uganda